Wazee wanaanguka usiku wodini licha ya reli za kitanda

Wodi_Temeke: Wakuu, heshima kwenu. Wodi ya wazee, vitanda 24, usiku wauguzi wawili. Wengi wanaanguka kati ya saa 5 usiku na saa 9, wakielekea chooni. Reli zote mbili tunapandisha. Tunakosea wapi?

Fizio_Kigamboni: Kwenye reli hapo hapo. Mzee aliyechanganyikiwa haimzuii, anaipanda, na sasa anadondoka kutoka juu zaidi. Shusha kitanda mpaka mwisho, kaza breki za magurudumu, acha wazi upande anaoshukia. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiburuze sakafuni, miguu hunasa. Mkongojo wenye raba iliyolika ni hatari kuliko kutokuwa nao. Kishikio kilingane na kifundo cha mkono akiwa amesimama, na aushike upande wa mguu mzima. Wengi hushika upande mbovu.

Zamu_ya_Usiku: Mimi ningefungua faili la dawa kwanza. Furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini) ya saa 2 usiku humkojoza mtu kwa saa sita hivi, yaani mpaka saa 8. Hesabu yako ndiyo hiyo! Mwombe daktari dozi ya pili ihamie saa 8 mchana. Kisha pima presha: alale dakika 5, pima, asimame, pima dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, kizunguzungu kimepata sababu. Diazepamu (ya kutuliza) na amitriptilini (ya sonona) huongeza tatizo, ila msizikatishe ghafla bila daktari. Kabla ya kusimama aketi ukingoni, achezeshe nyayo, ndipo ainuke. Na kabla taa hazijazimwa, mzungukie kila mmoja mumpeleke chooni, asisubiri kubanwa.

Wodi_Temeke: Asante sana. Ndugu wengine wanawanyima maji jioni ili wasikojoe.

Zamu_ya_Usiku: Wakatazeni. Kwa joto hili la Dar, mzee akikaukiwa presha inashuka zaidi akisimama. Wampe maji mengi mchana, jioni wapunguze tu.

Fizio_Kigamboni: Deki nayo isipigwe alfajiri wanapoamka, na ndala zilizolika soli zitupwe. Akianguka, msimnyanyue haraka. Mguu mmoja ukiwa mfupi na unyayo umegeukia nje, shuku nyonga imevunjika: machela, siyo kiti cha magurudumu. Kama anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na kichwa kimegonga, daktari aitwe hata akisema yuko salama.