Naomba ushauri: dogo kagongana na gari aina ya Noah huko Mikindani, bima wanasema hana dai kwa sababu leseni imeisha

Mwana wa Rahaleo

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana hapa nyumbani tumekaa vikao mpaka basi na kila mjomba ana lake.

Mdogo wangu ni bodaboda, anapaki Mikindani. Majuzi alikuwa anakuja Mtwara mjini kambeba mama mmoja muuza samaki na ndoo yake, mbele yao kulikuwa na Noah inatembea pole pole imekaa kushoto kabisa, ukiiona unajua hii inataka kushusha mtu. Kile kipande mstari wa katikati ni wa kukatika, kuovateki ruksa, dogo akawasha indiketa akaanza kuipita, kafika usawa wa mlango wa dereva Noah ikakata kulia kuingia sheli. Pikipiki ikaingia kwenye mlango wa mbele wa kulia, saitimira ikaruka, dogo kavunjika mguu chini ya goti, kafungwa hogo (plasta ngumu) pale hospitali ya Ligula, na yule mama bega limetenguka. Pikipiki shokapu za mbele zimepinda na rimu haifai tena.

Trafiki alikuja akapima akachora. Dereva wa Noah anasema aliwasha indiketa ya kulia na dogo alikuwa spidi. Yule mama anasema alikuwa anaiangalia ile gari muda wote, hakuona taa yoyote ikiwaka.

Sasa tumeenda kwenye kampuni iliyoikatia Noah bima, kijana wa mapokezi kapokea karatasi zetu kitu cha kwanza anauliza leseni. Leseni ya dogo ilikuwa imeisha muda, hajaihuisha. Akafunga faili pale pale akasema hapa hakuna dai, kosa ni la mwendesha pikipiki. Mwenye Noah nae anatuita pembeni anatoa laki tatu tuandikishiane yaishe. Pikipiki yenyewe ina bima ndogo (ile ya mtu wa tatu) na iko hai, ila ni ya tajiri, dogo anapeleka hesabu.

Nauliza: leseni kuisha ndo inamfanya dogo awe kasababisha ajali? Yule mama anamdai nani? Na hiyo laki tatu tuchukue? Maana mguu wenyewe daktari kasema huenda ukahitaji chuma.

Nahodha Shangani

Poleni sana mkuu. Mimi la kwanza MSISAINI chochote. Mguu wa mtu bado uko kwenye hogo mnaandikishana yameisha, kesho chuma kikihitajika mnamfuata nani? Ukishaweka saini kwamba umepokea na huna madai zaidi, hata bima wataitumia hiyo karatasi kukurudisha nyumbani.

Mzee wa Madai

Kijana pole kwa mdogo wako, na mfikishie pole yule mama. Nimefanya kazi kitengo cha madai kwenye mambo haya ya bima mpaka nastaafu na hili la leseni linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu watu wanapoteza haki zao kwa neno moja la mtu wa mapokezi.

Hapo kuna maswali mawili na huyo kijana kayachanganya kuwa moja. Swali la kwanza, nani kasababisha kugongana. Swali la pili, nani alikuwa na makaratasi kamili. Leseni iliyoisha ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, trafiki anaweza kumwandikia dogo na atalipa faini yake, sawa. Lakini leseni haikukata kulia kuingia sheli. Kama dereva wa Noah alikata bila kuangalia kioo na bila kuwasha taa, ameumiza mtu kwa uzembe wake, na bima ya Noah ipo kwa ajili hiyo hasa, kulipa watu wa tatu walioumizwa na gari hilo. Ndiyo sababu Sheria ya Bima ya Magari Sura ya 169 ikailazimisha kwa kila chombo cha moto kinachoingia barabarani.

Leseni ya dogo inakuwa na maana pale mnapodai kwenye bima ya PIKIPIKI. Hapo mkataba ndo unaongea. Na hata hapo usikate tamaa kabla hujausoma, mikataba mingi imeandika kwamba dereva awe na leseni au awe aliwahi kuwa nayo na hajafungiwa na mahakama. Ambaye leseni yake imeisha muda sio sawa na ambaye hajawahi kuwa nayo kabisa.

Sasa makosa ya ajali yanajulikanaje? Kwa vitu, sio kwa nani kaongea kwa sauti. Umesema pikipiki imeingia mlango wa mbele wa kulia. Hiyo ni nzito sana. Ingekuwa imepiga bampa la nyuma ningekwambia dogo alikuwa anafuata karibu mno, akashindwa kusimama. Mlango wa mbele maana yake alishakuwa ubavuni tayari gari lilipokata, dereva angeangalia kioo cha kulia angemwona. Kapigeni picha ule mlango kabla hawajaupeleka kwa fundi wa kunyoosha bodi, mpige na shokapu zilivyopinda na upande gani, mpige na ule mstari wa barabara kuanzia mbali. Mnataka ionekane unakatika pale pale, sio mita mia mbili huko.

Na kingine, sheli nyingi siku hizi zina kamera. Nendeni KESHO mkaongee na meneja, andikeni na barua, kamera hizi zinajirekodi juu ya zamani, ukichelewa hupati kitu. Mwambieni na mpelelezi aiombe rasmi.

Kona ya Mkuti

Wakuu mimi sikubaliani moja kwa moja. Naendesha gari njia ya Masasi Mtwara kila wiki na bodaboda wanatupita sehemu za kuingilia sheli, sehemu za kuingia vijijini, hawajali. Gari ikipunguza mwendo mbele ya sheli hata mtoto anajua inaingia. Dogo alitakiwa kujiuliza kwa nini inapunguza. Na alikuwa na abiria na ndoo, break ya pikipiki iliyobeba mzigo sio ile ya mtu mmoja. Mimi hapo naona nusu kwa nusu, nasema hivi sio kwa ubaya, nataka mjue upande wa pili utaongea nini.

Mzee wa Madai

Kona ya Mkuti umeongea la maana na ndo litakaloulizwa. Ila Noah ilikuwa imekaa kushoto kabisa. Dereva anayetaka kukata kulia anasogea katikati ya barabara, anawasha taa mapema, anaangalia kioo ndo anakata. Ukikaa kushoto na kupunguza mwendo unamwambia wa nyuma pita. Nusu kwa nusu hapana, sehemu kidogo kwa dogo labda kama alikuwa spidi kweli.

Dada Msheria Newala

Kaka poleni. Mimi ni msaidizi wa kisheria, naongezea pale wazee walipoishia.

Hiyo ya kugawana makosa ipo kisheria, Sura ya 310. Mahakama ikiona dogo nae alichangia haimnyimi yote, inapunguza kwa kadiri ya kosa lake. Mfano tu, fidia ikawa milioni 10 na dogo akaonekana kachangia asilimia 30, anapata milioni 7. Kwa hiyo mtu akikwambia dogo nae ana kosa kwa hiyo hakuna kitu, sio kweli.

Cha pili, na hapa naomba muwe makini sana. Kuna kesi ya trafiki inakuja. Kama trafiki atamshtaki dogo kwa leseni, akubali leseni tu kwa sababu ni kweli. Asije akabebeshwa na shtaka la kuendesha kwa uzembe akakubali ili arudi nyumbani mapema. Mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, ile hukumu inakuja kutumika kama ushahidi kwenye madai, Sheria ya Ushahidi inasema hivyo. Nimeona vijana wanalipa faini ndogo asubuhi wakidhani wameokoa muda kumbe wametupa fidia yote. Hivyo hivyo dereva wa Noah akitiwa hatiani kwa uzembe, kwenu ni msingi mkubwa.

Tatu, mkifika kushtaki mnamshtaki dereva na mwenye gari, kampuni ya bima inapewa taarifa ya maandishi mapema kwamba kesi inafunguliwa ili ije kulipa hukumu. Msiache hiyo taarifa. Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3 toka siku ya ajali, unaonekana mrefu ila mashahidi wanahama na picha zinapotea.

Kuhusu yule mama, yeye ndo ana nafasi nzuri kuliko wote, hakuendesha chochote. Anadai Noah, na kama dogo nae ataonekana kachangia anaweza kudai na upande wa pikipiki. Ila muulizeni tajiri, ile bima ya pikipiki imekatwa ya biashara au binafsi? Bodaboda yenye bima ya binafsi ikibeba abiria wa kulipa, huyo abiria anaweza kujikuta nje.

Mwana wa Rahaleo

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote nimemsomea na mama. Majibu: tajiri katuma picha ya bima, imeandikwa biashara, tumeshukuru Mungu. Sheli kamera ipo inaangalia pampu na kipande cha barabara, meneja kasema anatunza ila mpelelezi alete barua. Mwenye Noah nimemwambia hatusaini mpaka daktari aseme mguu umefikia wapi, kakasirika kidogo ila kaelewa. Swali la mwisho, kule bima nikirudi nikakutana na kijana yule yule nafanyaje?

Nahodha Shangani

Usiende na mdomo, nenda na barua. Nakala mbili, moja wanakugongea muhuri wa kupokea unarudi nayo. Andika namba ya Noah, tarehe, kituo gani cha polisi na namba ya jalada, kwamba unadai kama mtu wa tatu. Wakikataa wakatae kwa maandishi na watoe sababu. Stika kaihakiki mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), unaingiza namba ya gari unaona kama bima iko hai na ni ya kampuni ipi.

Mzee wa Madai

Na wakikaa kimya au wakakataa kwa hiyo hiyo sababu ya leseni, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapo hapo Mtwara, nenda na ile nakala yenye muhuri. Yupo na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliwekwa na Sheria ya Bima ya 2009, hutoi hela kulalamika. Ila lazima uoneshe ulianza na kampuni kwanza, ndo maana muhuri.

Tajiri nae adai matengenezo ya pikipiki kwa Noah, bima ndogo yake haimlipi chombo chake mwenyewe. Aombe makadirio ya fundi kwa maandishi, asiitengeneze kabla mkaguzi wa magari wa polisi hajaikagua.

Dada Msheria Newala

Kaka, yule mama ana PF3 yake (fomu ya polisi ya matibabu) au ametibiwa kwa ile ya dogo?

Mwana wa Rahaleo

Dada mbona hata sijui, nadhani alipelekwa dispensari ya karibu na wanae.

Dada Msheria Newala

Muulizeni leo. Kama hana aende kituoni kabla bega halijapona, achukue ya jina lake mwenyewe, na risiti zote aziweke hata za bajaji ya kwenda kliniki. Akikosa nauli ya kufuatilia nicheki inbox, tupo wasaidizi wa kisheria hapo mjini, anahudumiwa bure.