Somo gani la chuo uliliona la kupoteza muda, leo linakufaa? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ubishi haufi vijiweni: mwanafunzi wa uhandisi au uhasibu asomeshwe DS (Development Studies, yaani taaluma za maendeleo), historia na falsafa za nini? Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jambo hili lina mizizi mirefu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na chuo kikalazimika kujiuliza kinamsomesha nani, kwa faida ya nani. DS ilitokana na maswali hayo, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mwalimu mwenyewe shahada yake ya Edinburgh, 1952, ilikuwa ya Arts.

Nadharia tuziache. Leteni visa vyenu, vilivyokwishaletwa nimevikusanya hapa chini.

Mhandisi wa maji, Singida:
DS niliisoma ili nisikamate sapu (mtihani wa marudio) tu, mkuu. Ila kuna insha moja ilinikaa kichwani. Mpango wa maji vijijini wa 1971 uliahidi kila mwananchi awe na maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na tulitakiwa kueleza kwa nini haukufika. Nikaja kupewa mradi ambao vilula vimejengwa, maji yanatoka, kina mama bado wanakwenda lamboni. Wenzangu wakasema ni ushamba. Nikaomba kukaa nao bila mwenyekiti wa kijiji. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe unapika uji saa ngapi?" Kumbe mhudumu wa kilula anafungua saa tatu asubuhi, wakati wao wanachota alfajiri. Halafu kilula kiko barabarani penye kijiwe cha bodaboda, mabinti wanasumbuliwa. Bomba lilipita pale kwa sababu ndiyo njia fupi kwenye mchoro. Tulibadilisha saa, kilula kimoja tukakihamisha. Hesabu za presha ya maji zisingeniambia hayo.

Mdada wa huduma kwa wateja, Dar:
Mimi sekondari nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), chuoni shahada ya Kiswahili. Nyumbani waliniuliza nitakuwa mganga wa misemo? Sasa naandika meseji za kampuni ya mikopo ya simu. Iliyokuwepo: "Ombi lako la muamala limekataliwa kutokana na upungufu wa salio." Watu wanapiga simu wakidhani wameliwa. Nikaandika: "Salio halitoshi. Hujakatwa pesa yoyote." Simu za malalamiko zilipungua wiki hiyohiyo.

Mkemia, Kentucky:
Nilisoma Berea College, huko hakuna ada na kila mwanafunzi ana kazi chuoni. Wenzangu wengine walikuwa wanatengeneza mifagio! Nilikuja kwa kemia, nikalazimika kuchukua pia dini na muziki. Muziki sijui umenisaidia nini, siwadanganyi. Dini ndiyo, maana maabara yetu ina watu wa kila imani na mimi ndiye ninayepanga zamu.

Mwalimu asiye na kituo, Mbeya:
Tusidanganyane wakuu. Wote mliosimulia mna ajira, basi hata DS inawanogea. Mimi nimesoma historia na jiografia, naenda usaili Dodoma kila ukitangazwa, tunajaa uwanja mzima kwa nafasi za kuhesabu. Arts ni tamu ukiwa na fani nyingine mfukoni. Na hiyo DS, ukumbini mko mamia, mnakariri handauti ya miaka nenda rudi. Fikra zinatoka wapi hapo?

Mleta mada:
Mkuu wa Mbeya, kwenye ajira sina cha kukubishia. Kwenye handauti pia uko sahihi, na naona ndipo tatizo lilipo. Huyo wa Singida alifaidika na insha aliyoandika mwenyewe, si na handauti. Ukimpa mtihani wa kuchagua A, B, C, hiyo DS inakufa siku ya matokeo.

Mwaka wa kwanza:
Shikamooni. Nasoma IT, nina nafasi ya kozi moja ya kuchagua. Nichukue ipi?

Mdada wa huduma kwa wateja:
Marahaba mdogo wangu. Chukua yoyote ambayo mwalimu wake anasahihisha insha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia. Ulizia kwa mwaka wa pili, wanawajua. Na uwahi viti vya mbele, kipaza sauti huwa kinakata.