Uwanja wa gofu wa manispaa umetuuzia grini zenye matundu kwa bei kamili, na tarehe ya kuzitoboa waliijua tangu Machi

Wakuu, salaam.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaba. Mods, naomba uzi usihamishiwe kule kwenye matokeo ya michezo. Hapa hatujadili nani kashinda, tunajadili pesa za watu zilizochukuliwa kwa kuficha jambo.

Nipo Minnesota, Marekani. Kwa wasiopajua, huku baridi ikiingia viwanja vya gofu vinafungwa kuanzia Novemba, theluji inalala juu ya nyasi mpaka Machi, na mwaka ukiwa mbaya mpaka Aprili. Miezi yote hiyo fimbo zipo kwenye gereji. Kwa hiyo majira ya machipuko yakianza, mtu anayependa gofu anasubiri barua pepe ya uwanja kama mkulima anavyosubiri mvua ya kwanza. Uongozi unaijua kiu hiyo vizuri sana. Mwaka huu wameifanyia biashara.

Barua pepe ilikuja Alhamisi, mwishoni mwa Aprili. Picha ya bendera, jua, nyasi za kijani kibichi. Kichwa chake: habari za machipuko. Ndani kuna kila kitu: pasi za msimu zinauzwa, mashindano ya kufungua msimu Jumamosi kwa timu za watu wanne wanne, mafunzo ya watoto wa miaka 7 hadi 12 asubuhi hiyo hiyo, kampuni ya fimbo italeta fimbo mpya watu wazijaribu, jikoni kumefunguliwa, na Jumapili kuna siku ya kujitolea kujaza mchanga sehemu zilizochimbika. Chini kabisa, kwa herufi nzito: nafasi ni chache, lipa sasa, pesa hairudishwi.

Nikalipa. Dola 58 za kucheza, 20 za kigari, kwa sababu mwenzangu ana tatizo la goti. Jirani yangu, dada mmoja kutoka Kongo, akamlipia binti yake mafunzo dola 40. Huyu dada anafanya kazi za usiku. Dola 40 kwake si pesa ya kuchezea.

Jumamosi tumefika, kijana wa mapokezi katuchapia risiti, hakusema neno. Shimo la kwanza tumepiga vizuri tu, nyasi za katikati zilikuwa na unyevu lakini zinavumilika. Tumefika kwenye grini, yaani lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo na bendera, tukasimama tunatazamana.

Matundu. Grini nzima ni matundu, safu kwa safu, kila baada ya vidole viwili vitatu kuna tundu, na juu yake mchanga umemwagwa na kufagiliwa ukaacha michirizi. Mchanga wenyewe ulikuwa na maji. Mpira ukiuviringisha unarudi umevaa koti la mchanga. Ukiugonga taratibu unadunda, ding ding ding, unakwenda kushoto, unarudi kulia, unasimama katikati ya safari. Mwenzangu alikuwa na mpira mita moja tu kutoka shimoni, njia imenyooka kabisa, ukatoka nje kwa upana wa kiganja. Tukajipa moyo labda ni grini hiyo moja. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Zote 18.

Sasa kabla hamjaniambia sijui gofu, subirini. Mimi nimekulia Arusha, nimebeba mikoba ya wachezaji nikiwa kijana, na kazi ya kutunza nyasi naijua kwa macho na kwa mikono. Kutoboa grini ni lazima. Watu wanakanyaga, mashine za kukata zinapita kila siku, udongo unashindiliwa, mizizi inakosa hewa, na chini ya nyasi kunajengeka tabaka la majani na mizizi iliyokufa linalozuia maji yasishuke. Ndipo mashine inaletwa, inang'oa vipande vyembamba vya udongo, tundu upana wa nusu inchi hivi, kina inchi tatu hadi nne, halafu mchanga unajazwa humo ili hewa na maji vipite. Baada ya wiki mbili au tatu, hali ya hewa ikiwa nzuri, nyasi zinajifunga na grini inakuwa bora kuliko mwanzo. Uwanja usiotoboa utakufa. Hilo silipingi hata kidogo.

Na wala silii kwamba grini hazikuwa kama zulia. Nimecheza sehemu zenye nyasi za kubahatisha na nikafurahi, kwa sababu niliambiwa kabla na nikalipa bei ya hali hiyo.

Ninachopinga ni kuficha. Kutoboa si ajali. Mvua si mpango wa mtu. Umande kuganda asubuhi nao si mpango wa mtu, na wakituzuia tusiingie mpaka jua litoke naelewa, maana jani lililoganda ukilikanyaga seli zake zinapasuka na linakuwa jeusi. Nimesubiri saa nzima kwenye gari kwa sababu hiyo bila kumnung'unikia mtu. Lakini kutoboa kunapangwa. Mashine inawekwa kwenye ratiba, mchanga unaagizwa kwa lori, vibarua wanapewa zamu. Hakuna uwanja unaoamka Jumatatu na kukuta grini zake 18 zimejitoboa.

Na ushahidi ninao. Nilipokwenda chooni nyuma ya jengo, kwenye mlango wa stoo ya mafundi kuna karatasi imebandikwa, ratiba ya kazi za machipuko. Imeandikwa wazi kwamba grini zote zinatobolewa Jumatatu na Jumanne ya wiki ile ile, na juu ya karatasi kuna tarehe iliyochapishwa: Machi. Picha nimepiga. Maana yake siku ile ya Alhamisi wanatutumia picha ya nyasi za kijani na kutuambia lipa sasa, matundu yalikuwepo tayari kwa siku mbili. Aliyeandika barua pepe ile yuko jengo moja na aliyebandika karatasi ile.

Kuna kingine kwa wanaojua kanuni. Kanuni za gofu zina kanuni ya mfano ambayo kamati ya uwanja inaweza kuitangaza, inaitwa E-4, ya kumruhusu mchezaji ambaye mpira wake umekaa ndani ya tundu la kutobolea ausogeze bila adhabu. Isipotangazwa, unacheza ulipo. Sisi tulikuwa kwenye mashindano yenye ada na zawadi, na hakuna aliyetangaza chochote, si mdomoni, si kwenye kadi. Na hata ingetangazwa, haikusaidii matundu yakiwa kwenye njia ya mpira wako tu. Kwa hiyo mashindano yakageuka kuwa bahati nasibu. Walioshinda wameshinda, hongera zao, lakini waulizeni wenyewe kama walikuwa wanaona mpira unakwenda wapi.

Lililonichoma zaidi ni la watoto. Grini ya mazoezi nayo ilitobolewa, nayo imemwagiwa mchanga. Somo la kwanza la watoto lilikuwa kuviringisha mpira kwenye shimo. Hebu fikirieni, mtoto wa miaka tisa, mara yake ya kwanza kushika fimbo, kafundishwa vizuri namna ya kusimama na kuweka mikono, kafanya kila alichoambiwa, mpira unaruka unakwenda pembeni. Nilipita pale nikimaliza mashimo tisa ya kwanza. Binti wa jirani yangu akaniona akaniita, "Anko, mbona wangu unaruka? Nakosea wapi?" Nikamwambia hukosei mama, ni uwanja. Hakuniamini. Alirudi kwenye gari la mama yake kimya, na jioni akamwambia mama yake kwamba gofu hawezi.

Mtoto ameambiwa na grini mbovu kwamba hawezi, na aliyepokea dola 40 alijua grini ni mbovu. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo. Kijana wa mapokezi sina ugomvi naye, yeye kaajiriwa kuchapa risiti. Meneja akanijibu mambo matatu. La kwanza, kila uwanja hutoboa. Ndiyo, nimeshalisema hapo juu. Ila viwanja vingi vya huku huweka tarehe kwenye ukurasa wa kununulia muda wa kuanza, na vingine hushusha bei mpaka grini zipone. La pili, kwamba pesa hairudishwi, nilikubali masharti. Nilikubali masharti ya bidhaa niliyoonyeshwa kwenye picha. La tatu, akasema wachezaji wazoefu wanajua machipuko ni msimu wa kutoboa. Sawa, na yule dada wa Kongo anayemlipia mtoto kwa mara ya kwanza maishani, alitakiwa ajue kwa ndoto?

Kwa wanaofuatilia handikapu, yaani namba inayopima uwezo wa mchezaji, kuna maumivu mengine. Mfumo wa dunia wa kuihesabu ulioanza 2020 unachukua raundi nane bora kati ya ishirini za mwisho. Huku kwenye baridi kuna miezi ambayo alama haziingizwi kabisa, lakini msimu umeshafunguliwa, kwa hiyo raundi mliyocheza kwenye matundu yale kwa mpira wenu wenyewe mnaiingiza kama nyingine yoyote. Haya, tuendelee.

Najua kuna watakaosema gofu ni mchezo wa matajiri, mnalialia nini. Wakuu, huu si uwanja wa klabu ya watu wakubwa. Ni uwanja wa manispaa. Unamilikiwa na mji, na sisi tunaolipa kodi ndiyo mji. Kwa watu weusi wa nchi hii, viwanja vya aina hii vina historia nzito. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu cha wazungu pekee ndani ya katiba yake hadi 1961. Hapa hapa Minnesota, mwaka 1948, Solomon Hughes na Ted Rhodes, wachezaji weusi wenye uwezo mkubwa, walikataliwa kushiriki mashindano ya St. Paul Open. Hughes aliyekuwa mwalimu wa gofu uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Hiawatha, uwanja wa umma wa Minneapolis, na leo jengo la pale lina jina lake. Mji wa Atlanta ulifikishwa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1955 ndipo viwanja vyake vya umma vikafunguliwa kwa wote. Watu wamepigania milango hii. Mtoto wa mhamiaji leo hana klabu ya binafsi ya kuingia, mlango wake ni huu wa manispaa peke yake. Ukimpokea siku ya kwanza kwa udanganyifu, umeuchezea mlango ambao wengine walilala nje wakiusubiri.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Uongozi wa uwanja nimeshawaandikia hivi:

Tarehe za kutoboa ziwekwe pale pale mtu anaponunulia muda, kabla hajalipa. Bei ishuke mpaka grini zipone. Mafunzo ya watoto yasipangwe wiki ya kutoboa, wiki ziko nyingi. Na waliolipa Jumamosi ile, wazazi wakiwa wa kwanza, warudishiwe pesa. Na kama ardhi bado ina baridi namna hii, mkumbuke nyasi hazikui, matundu yatakaa wazi muda mrefu zaidi ya hizo wiki mbili au tatu. Mtaendelea kuuza bei kamili mpaka lini?

NYONGEZA, Jumatatu usiku:

Mkuu uliyesema nitaje jina la uwanja, sitataja kwa sasa. Kuna vijana wetu wanafanya kazi pale kwenye nyasi na sitaki waanze kuangaliwa vibaya kwa sababu ya picha ya mlango wa stoo.

Mkuu uliyeuliza kama siku ya kujitolea Jumapili nilikwenda: nilikwenda. Nimejaza mchanga kwenye nyasi za katikati na wenzangu, bure, kwa sababu uwanja ni wetu. Ndiyo maana nina haki ya kupiga kelele.

NYONGEZA, Jumatano:

Wamejibu. Wametoa vocha ya kucheza mashimo tisa, siku za kazi, kabla ya saa nne asubuhi, itumike ndani ya mwezi huu. Mwezi huu huu ambao grini hazijapona. Nimeikataa kwa maandishi. Kwa wazazi wa watoto hawakusema chochote kabisa, hata samahani.

Kamati ya bustani na viwanja ya mji wetu inakaa Jumanne ijayo jioni, na mwananchi yeyote anapewa dakika tatu za kusema. Nimeshajiandikisha. Yule dada jirani ameomba ruhusa kazini, atasema na yeye, mimi nitamtafsiria. Mlioko huku na mlilipa Jumamosi ile, nitumieni ujumbe pembeni usiku huu au kesho, na mtafute risiti zenu na ile barua pepe ya Alhamisi msiifute. Nataka tuingie mle ndani na karatasi mkononi.