Waliowahi kufundisha Sudani Kusini na mazingira magumu ya nje, tupeane uzoefu

Bahati wa Mbeya: Wakuu, habari za jioni. Nimepata ofa ya kufundisha Baiolojia na Kemia Rumbek, shule ya bweni ya binafsi. Mkataba miaka miwili, dola 700 kwa mwezi, chakula na nyumba juu yao. Hapa nyumbani najitolea shule ya kata mwaka wa tatu sasa, posho ni michango ya wazazi, shilingi 150,000, nayo haiji kila mwezi. Mke anasema nisiende, mama anasema niende. Ijumaa wanataka jibu. Mliofika huko, naombeni ukweli, mazuri na mabaya.

Jirani wa Kitale: Hizo dola 700 zimeandikwa kwenye mkataba au umetamkiwa kwenye simu? Uliza kabla ya lolote. Mimi 2014 nilisaini pauni 3,000 za Sudani Kusini. Mtaani pauni ilikuwa imeanza kuporomoka, lakini shule ilitubadilishia kwa bei ya benki, chini kidogo ya pauni 3 kwa dola, kwa hiyo mkononi nilipata kama dola elfu moja na nikaanza kujenga. Desemba 2015 serikali ikaiachia pauni ijitafutie bei sokoni. Tulilala dola ni pauni 3, tukaamka ni 18 na nusu. Mshahara uleule, mkataba uleule, ukawa dola 160. Nikamfuata mkurugenzi, akanifungulia mkataba akaniwekea kidole penye neno "pauni". Nyumba yangu hadi leo imeishia kwenye linta.

Mama Darasa: Kweli tupu. Sisi wa Yambio mshahara ulikuja kwa mabunda, unaubeba kwenye mfuko wa rambo na ukifika sokoni haujazi kikapu.

Kobe Mpole: Kaka, usiende. Wale ni watu wa bunduki. Rumbek wanavamiana kwa ajili ya ng'ombe kila uchao, wewe utafundisha nani?

Chaki Nyeupe: Sikupanga kuandika, ila mmenikumbusha Julai 2016. Nilikuwa Juba, upande wa Jebel. Ijumaa tarehe 8 jioni risasi zikaanza kule ikulu. Jumamosi kukawa kimya. Ilikuwa sikukuu yao ya uhuru, mwaka wa tano, na hakuna aliyeimba. Tukadhani yamekwisha. Jumapili mizinga ikahamia kwetu, na helikopta juu.

Tulikuwa walimu watatu: mimi Mkenya, mwenzangu Mganda, na mwenyeji mmoja wa Bor, pamoja na wanafunzi tisa waliobaki bwenini kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Tuliegemeza magodoro madirishani, tukalala kifudifudi chini ya vitanda. Jiko hatukuwasha, moshi ungetuonyesha. Siku mbili tulikula unga uliokorogwa kwa maji baridi na sukari. Mtoto mmoja wa darasa la tano alinishika mkanda wa suruali asiachie hata usingizini. Kila kishindo ananiambia, "Ustaz, hiyo inatoka. Ustaz, hiyo inakuja." Alizitambua kwa sikio, mimi mtu mzima sikujua.

Jumatatu wakasitisha mapigano. Alhamisi jeshi la Uganda likaja na msafara wa kuokoa watu kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 hadi mpakani. Mganda wangu akasema twende wote. Pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa kwenye kasha la chuma ofisini, walituambia ni kwa usalama wetu, na mwenye ufunguo keshaondoka na familia yake. Tulilipiga lile kasha kwa sururu tangu asubuhi. Lilipofunguka, msafara ulikuwa umeshaondoka. Nilikaa siku tisa zaidi ndipo nikapata kiti cha ndege. Yule mtoto wa mkanda alichukuliwa na watu wa kanisa, sijui aliko. Sasa atakuwa kijana mkubwa.

Bahati, usimkabidhi mtu pasipoti yako. Hata siku moja.

Mama Darasa: Pole sana mwalimu. Nimesoma hapo kwenye mkanda nikaweka simu chini.

Bibi Chuwa: Chaki, wale wanafunzi wengine wanane walifika salama?

Chaki Nyeupe: Saba nina uhakika nao, dada. Wa nane, naye simjui alikoishia.

Mama Darasa: Kobe Mpole, nirudi kwako. Usiseme "watu wa bunduki" ukanyamaza hapo. Kidato cha kwanza nilikuwa na kijana wa miaka 24. Vita vilimla utoto wote. Daftari lake lilipojaa hakuwa na hela ya jingine, akaandika Fizikia katikati ya mistari ya zamani kwa kalamu nyekundu, nikawa nasoma nyekundu tu naruka bluu. Hajawahi kuchelewa. Nimefundisha miaka kumi na minne nyumbani, sijawahi kusikilizwa vile.

Kobe Mpole: Sijawatukana, dada. Nasema usalama. Mwalimu akifa, hilo daftari litasahihishwa na nani?

Jirani wa Kitale: Kwani nyumbani hatufi? Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera, kwetu Kenya, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanakwenda likizo. Wale walikuwa ndani ya nchi yao, na posho ya mazingira magumu juu.

Kobe Mpole: Ndiyo maana mimi sikurudi kule pia.

Daktari wa Mimea: Tuzungumze malaria jamani, ndiyo iliyonilaza mimi, si risasi. Beba dawa mseto, vipimo vya haraka na chandarua chako mwenyewe kutoka nyumbani.

Mama Darasa: Dawa zipo kule, asijaze begi. Abebe miwani ya akiba na chaja ya sola.

Daktari wa Mimea: Zipo Juba, dada. Rumbek mvua ikinyesha barabara ni tope na ndege haitui. Nilingoja dawa siku sita.

Bibi Chuwa: Mume wangu alifundisha huko miaka minne, akasomesha watoto wawili hadi chuo. Siwezi kusema alikosea. Ila mdogo alipomwona uwanja wa ndege alijificha nyuma yangu, akauliza huyu baba ni nani. Bahati, mkeo msikilize hadi mwisho, usimkatishe.

Jirani wa Kitale: Na uwe na dola 300 ambazo hazijulikani na mtu, hata mwalimu mwenzako. Nauli ya kurudi isiwe ya kuomba.

Bahati wa Mbeya: Asanteni sana, nimesoma yote. Leo nimewapigia. Dola wamekubali kuziandika kwenye mkataba. Nilipouliza pasipoti, yule bwana akanijibu itatunzwa ofisini, kwa usalama wangu. Maneno yaleyale ya Chaki. Nimemwandikia kwamba kifungu hicho kisipoondolewa sisaini. Mke wangu nimempa simu asome mwenyewe, amesoma ya Chaki mara mbili, hajasema kitu. Bado nasubiri jibu lao, na kesho ndiyo Ijumaa.