Naomba ushauri: nina 450,000 ya kupendezesha chumba na sebule
Habari zenu ndugu zangu. Nimepanga kwa mara ya kwanza, chumba na sebule huku Tabata, Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kulala sebuleni kwa kaka. Nina furaha mno na nataka pawe pazuri, lakini kodi ya miezi 6 imekomba karibu akiba yote. Nimebaki na 450,000.

Nilicho nacho ni godoro la 5 kwa 6, mtungi mdogo wa gesi, ndoo na sufuria mbili. Sebule haina hata kiti.

Kinachonisumbua zaidi ni ukuta wa upande wa choo. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi imevimba kama malengelenge. Ukiigusa inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe kama chumvi. Mwenye nyumba kaniambia nipake tu, kwa gharama yangu. Nikipaka sasa si itabanduka tena? Fundi mmoja anataka tukwangue plasta yote tupige upya. Mwingine anasema nibandike karatasi za ukutani. Mimi naona kuficha unyevu ni kutupa hela.

Halafu kochi: nichongeshe kwa mafundi wa Keko, au nianze na mkeka na mito ya kukalia hadi nijipange? Mapazia nawaza ya mtumba pale soko la Karume, ila dirisha lina upana wa futi 5, sijui ninunue vipande vingapi likunjamane vizuri.

Mama anakuja mwezi ujao, mara yake ya kwanza kulala kwangu. Mngekuwa ninyi mngeanza na kipi?