MREJESHO: Kayaki ya watu wawili, mimi na binti yangu

Wakuu, niliuliza namna ya kupiga kafi na binti yangu kule Mida, Watamu, pwani ya Kenya, maana makafi yalikuwa yanagongana na kayaki inazunguka tu. Asanteni sana! Mimi mzito nilikaa nyuma, yeye mbele akaweka mwendo, nami nikamfuata: kafi lake likizama kulia, na langu kulia. Kugongana kumekwisha kabisa. Ushauri wa kuingia maji yakijaa na kurudi yakianza kupwa umetuokoa mikono. Tulipita kando ya mikoko bila kukwama kwenye tope. Kilichogoma ni upepo wa kusi. Ukitupiga ubavuni, omo (ncha ya mbele ya kayaki) bado inageuka, hata nikiburuta kafi nyuma kama usukani. Mwenye mbinu ya hapo aongeze, tafadhali.