Naomba ushauri: kufundisha lishe kwa kupika na watoto 45

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, Pemba. Watoto wangu hutaja makundi ya vyakula bila kukosea, lakini wengi wao nyumbani hula muhogo kwa chai ya rangi tu, ilhali mchicha na mtoriro vimeota uani. Kwa hiyo nimeanza kupika nao kila Alkhamisi: wanachuma, wanaosha, wanakuna nazi, nami nawaeleza kwa nini tunaikamulia mboga ndimu, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na kwa nini chai, ambayo huzuia ufyonzaji huo, isiambatane na mlo. Juzi mtoto asiyekula mboga kabisa aliomba aongezewe, na nilifurahi mno.

Tatizo ni kwamba nina seredani mbili tu, hivyo wachache hupika na wengine hutazama, na moto unanitia hofu. Aliyewahi kufundisha hivi naomba anieleze aliwagawaje wanafunzi, na waliosubiri aliwapa kazi gani isiyohitaji moto. Vilevile, wazazi wachangie vipi vyakula bila ya kumfedhehesha asiye nacho?